Nivi Hajauona Usiku

Kumekucha tangu Mei, na hakujachwa.
Mwanangu kazaliwa ndani ya asubuhi hiyo moja,
na leo, akitimiza wiki sita,
hajui bado kwamba dunia ina upande wa pili.

Saa nane za usiku. Nasema usiku kwa mazoea,
kama unavyosema "kwa fulani" pa mtu aliyekwisha kuhama.
Nje watoto wa Uusaaraq wanacheza mpira,
vivuli vyao virefu vinatangulia golini.
Baba yao yuko juu ya paa, anapigilia misumari.
Hakuna anayemgombeza. Nani kalala?
Hapa Upernavik, kiangazi, saa husamehewa.

Nimeyashonea madirisha giza:
blanketi la sufu, juu yake karatasi ya jikoni ing'aayo,
juu yake mkanda wa gundi nilioukata kwa meno.
Likabaki tundu, la kupita uzi,
na jua likapita humo bila hodi,
likatembea ukutani taratibu, halina haraka,
likapanda kitandani, likakaa kwenye kope za Nivi.
Akafumbua macho.

Bodil wa zahanati alinieleza
(katoka Denmark; kiangazi chake cha kwanza huku
alikesha siku nne
akalipanga upya kabati la dawa mara tatu):
"Jicho ndilo bawabu. Maadamu linaona mwanga
halipeleki habari ndani kwamba kazi imekwisha,
na mwili unakaa kungoja ruhusa."
Akanipa pazia jeusi na daftari lenye mistari.
Andika, akasema, kila lepe la usingizi.
Niliandika: dakika ishirini. Dakika kumi na moja.
Niliandika: nimelia kwa sababu kijiko kimeanguka.
Niliandika: sijui kama hii bado ni jana.

Ilannguaq hana daftari. Yuko majini na boti yake,
anavua mpaka mikono ikatae,
kisha anajilaza juu ya mishipi, viatu miguuni,
iwe saa tatu asubuhi, iwe saa tisa usiku.
Mbwa wetu nao ni hivyo hivyo: pua chini ya mkia,
kila mmoja na usiku wake mwilini.
Nawaonea wivu mbwa.

Na giza la Desemba nalijua, tunalisema vibaya kila mwaka,
tunawasha mishumaa, tunahesabu wiki.
Sikudhani nitalitamani hivi,
kama mama mkwe mkali
ambaye nyumba imepooza tangu aondoke.

Leo Nivi kalia mpaka sauti ikawa uzi.
Nikalitungua koti la baba yake, la ngozi ya sili,
nikajifunika naye, kichwa na vyote.
Mle mlikuwa na usiku.
Mdogo, wa joto, unaonuka mafuta ya boti na chumvi,
mweusi kabisa, usio na tundu.
Nilimsikia akiupapasa. Vidole vikagusa kidevu changu,
vikagusa bitana, vikarudi.
Nilingoja kilio.
Akavuta pumzi moja ndefu
kama mtu atuaye mzigo,
na mimi nikataka kumwambia ndiyo hii, mwanangu,
Agosti utaiona nzima, kubwa kuliko ghuba,
ina nyota, ina ubaridi wake, usiiogope,
lakini nadhani nilifika kwenye "ndiyo"
nikapitiwa.

Tulipochomoza vichwa, mwanga ulikuwa ule ule,
pale pale sakafuni, au pengine hatua mbili kushoto.
Mpira ulikuwa unadunda bado.
Daftari sikuliandika kitu; ningeandika saa ngapi?
Nilichungulia pembeni ya blanketi.
Paa la Uusaaraq lilikuwa limekwisha.